Nilimkalia Mama Nestori nafasi yake gulioni Mpanda, sasa siwezi kuinuka

Wakuu, nawasalimu kutoka Mpanda. Huku mvua imeanza tangu asubuhi, nimejibanza chini ya bati nikaona niwaandikie.

Najua humu kuna watu wakisoma aya mbili tu wanaandika "chai". Sina faida ya kuwadanganya. Mambo yenyewe yananiaibisha kidogo, na mtu anayetunga angejitungia kitu cha kumpa sifa.

Kwanza mnijue.

Nimezaliwa hapa, nimesoma hapa mpaka kidato cha nne, halafu nikaondoka. Nimeuza mitumba Kahama. Nimekuwa utingo kwenye malori ya Tunduma. Nimekaa Kigoma mwaloni kwenye dagaa, nikatoka nikaenda Inyonga kulinda ghala la tumbaku. Umri umeingia arobaini na kitu. Mke sina kwa sasa, na msiniulize.

Mimi nikikaa mahali nikaanza kujua majina ya mbwa wa majirani, najua muda wa kuondoka umefika.

Mwaka huu nilirudi kumsalimia dada yangu mkubwa, Dada Skola. Mpango ulikuwa siku chache tu. Kuna jamaa yangu Tunduma alikuwa ananitafutia kazi ya kusimamia yadi ya malori, akaniambia akinipigia tu nipande basi.

Mtaa wenyewe sikuutambua. Bodaboda alinishusha nikamwambia amekosea. Akacheka. "Braza, ni hapa hapa."

Palipokuwa na shamba la mihogo sasa pana lodge yenye vioo vya bluu. Njia ya mkato tuliyokuwa tunapita mbio kwenda kuona treni ikiingia imezibwa na ukuta wa mtu. Nikatafuta kisima tulichokuwa tunachota maji, nikakuta ni mahali pa kuoshea pikipiki. Fremu za maduka zimejipanga mpaka barabarani, na zote zinauza vitu vile vile: kava za simu, mawigi, chipsi.

Nilizunguka siku nzima kama mtu aliyeangusha kitu. Jioni dada akaniuliza natafuta nini, nikasema sitafuti kitu.

Kilichokuwa kimebaki vilevile ni gulio la Jumamosi. Wakulima wanashusha maharage kutoka Mwese, asali kutoka Inyonga, mahindi na muhogo kutoka Mishamo. Dada Skola anauza maharage. Kulia kwake anakaa Mama Nestori, mama wa Mishamo anayeuza unga wa muhogo. Wamekaa bega kwa bega tangu watoto wao wakiwa mgongoni. Wakigombana, mmoja anafoka kwa Kirundi, mwingine anamjibu kwa Kibende, na wanaelewana vizuri kabisa.

Sasa niwaeleze jambo moja, bila hilo hamtanielewa.

Nafasi za gulio letu hazikuwahi kugawiwa na mtu. Nafasi yako ni pale unapokaa. Ukishindwa kuja, jirani yako anatandika kiroba chako mahali pako, anaweka juu yake fungu moja la kile unachouza, na anakuuzia. Hata kama fungu lenyewe amelitoa kwake. Hapo hapakanyagwi. Mteja akiulizia anaambiwa "yupo, katoka kidogo", hata kama huyo mtu hajaonekana tangu masika yaanze.

Wenyewe wanasema wanamkalia mwenzao.

Basi, Alhamisi moja likapita gari la matangazo. Gulio linahamishiwa soko jipya karibu na stendi, lina paa, na kila mtu atapewa kizimba chake chenye meza ya saruji. Jumamosi hiyo hiyo kamati ya soko itapita gulioni. Kila atakayekutwa amekaa atapigwa picha kwa simu, na sura iliyo kwenye picha ndiyo itakayopewa kizimba.

Mama Nestori hakuwepo. Binti yake alikuwa amejifungua kule Mishamo, akaenda kumtunza, na mvua zikaharibu barabara. Dada Skola alipiga simu mpaka akachoka, haipatikani. Akampa ujumbe kijana wa pikipiki. Pikipiki ikarudi imejaa tope mpaka kwenye usukani, ujumbe haujafika.

Jumamosi asubuhi nikambebea dada magunia yake. Akatandika kiroba cha Mama Nestori kama kawaida, akaweka fungu la unga juu. Hajamaliza kupanga maharage, akatokea Rama, kijana wa kava za simu. Fremu yake imepandishwa kodi, anatafuta pa kuhamia. Kakunja turubai kwapani, kasimama mbele ya kiroba.

"Shikamoo mama. Naomba nikae hapa."

"Marahaba. Hapo pana mtu."

"Mtu yuko wapi? Mimi naona kiroba."

"Ndiyo yeye huyo."

"Mama, kiroba hakipigwi picha."

Watu wakacheka. Dada hakucheka, maana kijana alikuwa amesema kweli. Akanigeukia mimi.

"Kaa."

"Nikae wapi?"

"Hapo kwa Mama Nestori. Weka tako chini. Tangu uzaliwe hujawahi kukalia kitu kikapata joto, leo jaribu."

Mama mmoja wa dagaa akadakia, "Skola, mfunge kamba huyo mdogo wako. Basi la Sumbawanga likipiga honi tutamkosa."

Nikakaa. Rama akachuchumaa mbele yangu, akachota unga kwa vidole.

"Mjomba, kumbe unauza unga?"

"Nauza."

"Muhogo wake uliloweka, au ulianika hivi hivi?"

Dada akanijibia, "Ulilowekwa. Na wewe nenda kaloweke kava zako."

Kamati ikafika: mzee mmoja, kijana mmoja, na binti aliyeshika simu ya kupigia picha. Nikawaeleza ukweli. Hapa ni kwa Mama Nestori, mimi namkalia tu.

"Yuko wapi?"

"Yupo, katoka kidogo," dada akasema.

Yule mzee akamtazama dada muda mrefu. Ni mtu wa gulio tangu zamani, hilo neno analijua maana yake. "Skola, hiyo leo haifanyi kazi. Aliyepo apigwe picha. Kama hapa hakuna mtu, yupo anayesubiri." Nyuma yake Rama alishaanza kukunjua turubai.

Wakuu, nyie mngefanyaje? Nikataja jina langu.

Nikapigwa picha nimekaa juu ya kiroba, fungu la unga liko katikati ya miguu yangu. Binti akaniambia nitabasamu kidogo. Nikajiona nimeokoa jahazi. Nilijua Mama Nestori akirudi tutaenda kubadilisha jina, dakika chache, kwisha.

Hapo ndipo nilipokosea, na hilo kosa ni la mtu anayetoka gulioni kwetu, aliyezoea kwamba ukimkalia mtu, akirudi unainuka. Picha haiinuki.

Jumatatu jamaa wa Tunduma akapiga. Kazi ipo, njoo. Nikaanza kukunja nguo. Dada alikuwa mlangoni anachambua maharage, hata hakunyanyua kichwa.

"Nenda. Ila walisema mwenye picha asipoonekana kwenye kizimba, kinapewa mwingine. Nenda tu, sijakushika mguu."

Nikamwomba jamaa anivumilie kidogo mpaka mama huyo arudi. Akasema sawa, lakini wenye yadi hawana subira.

Tukahamia soko jipya. Jumamosi ya kwanza Mama Nestori hakutokea, nikakaa mwenyewe kwenye kizimba na unga wa kuazima. Ya pili nikaenda na begi langu mgongoni kabisa. Nilishapata habari kwamba barabara inapitika na anakuja, kwa hiyo nilipanga nimkabidhi pake na nitokee hapo hapo kwenda stendi.

Akaja kweli, mzigo kichwani, miguu imegandwa na tope. Akasimama mbele ya ile meza ya saruji bila kushusha mzigo.

"Mwanangu, habari za hapa kwako?"

"Shikamoo mama. Hapa ni kwako. Mimi nilikukalia tu."

"Picha ni ya nani?"

"Ni yangu."

Dada Skola akajaribu kueleza, kava za simu, kamati, pikipiki, vyote kwa mkupuo. Mama Nestori akamsikiliza mpaka mwisho. Halafu akanirudia mimi, taratibu tu, bila hasira.

"Sisi tumeshaambiwa 'hapa ni kwenu' mara nyingi. Na anayeniambia leo ana begi mgongoni."

Wakuu, mimi nimetukanwa na makondakta, nimefukuzwa na wenye nyumba. Hakuna neno lililowahi kuniingia kama hilo. Huyu mama kazaliwa Mishamo, kwenye makazi ya wakimbizi wa Burundi, kakua akisikia wakubwa wanajadili kama watabaki au watahamishwa. Uraia ulipokuja ndipo akaanza hata kupanda miti ya matunda. Ile sehemu ndogo ya gulio ilikuwa mahali ambapo hakuna aliyemuuliza ametokea wapi. Aliondoka kwenda kuona mjukuu, karudi kakuta sura yangu.

Tukaenda wote kwa kamati. Yule mzee akakuna kichwa.

"Kubadilisha kutakuwepo. Ila kwa sasa mfumo haujafunguliwa."

"Utafunguliwa lini?"

"Mtatangaziwa. Mpaka hapo mwenye picha awepo, maana wanapita kukagua. Akikosekana mimi sina la kufanya. Na wanaosubiri ni wengi, mnawaona."

Tuliwaona. Rama alikuwa amesimama nje ya geti na meza yake ya kukunja. Simlaumu. Naye anatafuta pa kukaa.

Nilirudi kizimbani nikavua begi, nikaliweka chini ya meza. Basi likaondoka. Kazi ya Tunduma akapewa mwingine.

Ni miezi sasa.

Kila Jumamosi nawahi kabla ya wakaguzi. Mama Nestori anauza mbele, mimi nimekaa nyuma yake juu ya ndoo. Katikati ya wiki nafanya vibarua vya kupakia magunia stendi. Wateja wageni wanadhani mimi ni mkwe wake. Yeye ananiita mwenye nyumba. "Mwenye nyumba, sogeza mguu nipite." "Mwenye nyumba, salimia wateja, uso umemnunia nani?" Dada Skola anacheka mpaka maharage yanamwagika.

Rama naye kila gulio lazima apite. "Mjomba, bado upo?" Namjibu nipo. Anasema haya, anaenda zake. Siku hizi ananiletea kahawa, sijui ananipenda au ananipima afya.

Nisiwe mnafiki, soko jipya lina mazuri yake. Mvua haitulowanishi, choo kipo, unga hauingii mchanga. Lakini kuna kitu kimepotea na watu hawakisemi. Juzi juzi mama wa asali wa Inyonga hakuja, dada akamtandikia kiroba na chupa moja ya asali juu ya meza. Mlinzi akaja akakikunja. Akasema bidhaa bila mtu hairuhusiwi. Hakuna aliyebisha. Siku hizi kila mtu anaangalia meza yake.

Nami sijatulia, nisiwadanganye. Nilipo naziona bodi za mabasi juu ya ukuta. La Tabora, la Kigoma, la Sumbawanga, yote nayajua kwa honi. Usingizini nakunja nguo. Mbwa wa dada anaitwa Simba, wa jirani anaitwa Polisi. Nimeshaanza kuwajua.

Jumamosi iliyopita basi la Sumbawanga lilipiga honi mara mbili. Naapa sikujua kama nimesimama. Nilijikuta tu niko wima, nimeshika ukuta, naangalia.

Mama Nestori alikuwa anampimia mteja. Hakugeuka. Ila mkono wake ulisimama juu ya unga, kopo limejaa nusu. Mteja akamtazama.

Nikakaa.

Kopo likaendelea kujaa.

Nilichojifunza mimi ni kimoja. Nilikuwa nadhani kumkalia mtu ni kusaidia kwa muda, halafu unaendelea na safari zako, umepata thawabu. Kumbe ukishakaa mahali pa mtu, kuondoka kwako kunamhusu na yeye. Hilo katika miji yote niliyopita sikuwahi kulijua, kwa sababu kote huko nilipoinuka hakuna mkono uliosimama.

Wenye uzoefu wa masoko, nisaidieni: kuna aliyewahi kubadilisha jina la kizimba bila kukipoteza? Alipitia wapi?

Na kama njia hakuna, basi nyie mliotulia sehemu moja miaka yote, niambieni bila kunicheka. Saa nane mchana, wateja hakuna, mabasi yanapiga honi, huwa mnafanyaje?