Kishikwambi Chenye Shombo

Mpaka leo nikinusa majivu yaliyokamuliwa limau, nageuza uso. Kwa wengine hiyo ni harufu ya usafi. Pale Ikola, kando ya Ziwa Tanganyika, kila mama aliyeshinda akianika dagaa alijua kuwa sabuni peke yake haitoi shombo. Dawa yake ni kiganja cha majivu na nusu ya limau. Mimi inanikumbusha uchafu wangu, na leo nitawaambia, maana nimechoka kuubeba peke yangu.

Nilikuwa na miaka tisa. Mama, ambaye ni nesi, alikuwa amehamishiwa zahanati ya Ikola kutoka Mpanda mjini, nami nikaingia kijijini nimekunja pua. Kila kitu kilinitia kinyaa: dagaa mchangani, dagaa juu ya mapaa, magamba yaliyoganda kwenye kandambili, nzi waliotoka huko na kuja kutua kwenye uji wangu. Nilikula nimeziba pua kwa vidole viwili. "Utazoea, mtoto wa mjini," Mama alinicheka. Sikuzoea.

Mwaka huo Mwalimu Edna alianzisha darasa la mchana la kutufundisha kutengeneza hadithi za picha zinazotembea. Vishikwambi vilikuwa sita na sisi kumi na wawili, kwa hiyo tulikaa wawili wawili. Ulichagua mhusika, ukampangia vipande vya amri kama shanga kwenye uzi: tembea, ruka, sema. Mwisho wa kila ukurasa uliweka kipande cha kuhamisha hadithi kwenda ukurasa wa mbele. Ukikisahau, watu wako walibaki wameduwaa hapo hapo.

Nilipangwa na Zaituni. Alianika dagaa na mama yake tangu alfajiri, na darasani alikuwa fundi kuliko sisi sote. Hadithi yetu ya kurasa nne ilitoka kichwani mwake: dagaa mdogo anatolewa ziwani, anaanikwa, anapanda lori, anafika sokoni Mpanda na kukataa kuuzwa. Ukimgusa anaruka kutoka kwenye gunia na kusema, "Bado sijakauka!" Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Lakini zamu yangu ya kugusa kioo ikifika, nilihisi utelezi wa vidole vyake na ile harufu, mate yakanijaa mdomoni. Niligusa kwa kidole kimoja, halafu nikakifuta kwenye soksi.

Mama yake alikuwa ameweka sharti. Mchana ndio wakati wa kugeuza dagaa, naye alihitaji msaidizi. "Siku ya wazazi nitakuja nione hicho mnachocheza," alimwambia Mwalimu mbele yetu. "Kikiwa cha maana, aendelee. Kama ni kugusagusa tu, mwanangu anarudi kwenye dagaa."

Siku moja kabla, ilikuwa zamu yangu kupeleka kishikwambi chetu ofisini kikachajiwe. Nilipita nyuma ya jiko la uji. Majivu yalikuwepo, na mlimau ulikuwepo. Nikafanya nilivyowaona wamama wakifanya: nikapaka majivu, nikakamua limau, nikasugua mpaka kwenye tundu la chaji, nikasuuza kwa kopo la maji. Nikanusa. Safi! Nikajiona nesi kamili. Nikakifuta kwa sketi na kukiweka mezani pamoja na vingine.

Asubuhi hakikuwaka. Kioo kilikuwa na mikwaruzo, na tunduni kulikuwa na tope la kijivu. Mwalimu Edna alikinusa.

"Majivu na limau," alisema. "Nyie, nani ananawa hivi kabla ya kuja hapa?"

Darasa zima likamgeukia Zaituni.

"Mimi, Mwalimu. Lakini huwa najifuta."

Aliniangalia mimi, kisha akaangalia kucha zangu zenye ukijivu. Nikaficha mikono nyuma. Mama yake alifika, akaona hadithi za watoto wa wenzake, ya mwanawe hakuiona. "Si nilisema?" Akamshika mkono, wakaondoka. Mimi nikahamishiwa kwenye kishikwambi kingine, kikavu, kisicho na harufu yoyote, na Mungu anisamehe, nilifurahi.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ina miaka mingi na bado naitembea. Sasa nafundisha watoto wa Mpanda kazi ile ile, na ni ukubwani ndipo nilipojiuliza kwa nini Zaituni alinawa majivu kila siku mpaka vidole vikapasuka. Wenzetu wote walitoka kwenye dagaa na hawakunawa hivyo. Aliona nikifuta kidole kwenye soksi. Alikuwa ananawa kwa ajili yangu.

Mwaka jana nilikwenda Ikola kumwambia. Nilimkuta kwenye chanja za kuanikia dagaa, akanitambua kabla sijamtambua.

"Mikono ina shombo, dada," alisema, akanyoosha kifundo cha mkono nimsalimie kwa hicho, kama afanyavyo mtu mwenye mikono michafu. "Siku hizi nimeacha majivu. Yanaharibu vitu." Akacheka, bila ubaya wowote.

Kumbe alijua siku zote. Kiganja chake kilikuwa pale pale, wazi, kinang'aa magamba. Nikafungua mdomo. Halafu nikaufunga, nikashika kifundo.