Neno Askari

Siku yangu ya kwanza kwenye maabara ya hospitali moja ya Thika, mkuu wa maabara alinikuta nikimwambia mgonjwa kuwa askari wa mwili wake wameongezeka. Alingoja mgonjwa atoke, akafunga mlango.

"Hilo neno askari liache huko getini," alisema. "Siku moja litaua mtu."

Nilidhani mama huyu ana maringo tu. Alinieleza huku tukiandaa damu: seli T saidizi, zile watu huita CD4, kazi yake kubwa ni kuamsha seli nyingine. Kuna zinazochochea seli zinazomeza vijidudu, na hizo ndizo tegemeo dhidi ya TB. Kuna zinazosaidia kingamwili zitengenezwe. Kuna hata zinazotuliza vita, mwili usijiumize wenyewe. Mashine yetu ilizihesabu zote pamoja. Ikikuambia ni nyingi, haijakuambia ni zipi, wala kama zinafanya kazi.

Nilipohamishiwa kliniki ya Ruiru, afisa wa kliniki alikuwa mpole, mtu wa kutaka kila mgonjwa atoke akitabasamu. Neno lenyewe lilikuwa limeandikwa kwa rangi ukutani: ASKARI. Nililalamika kwake hadi nikachoka.

Mdogo wangu Kamau alilipenda kuliko wote, maana yeye mwenyewe alikuwa askari wa ploti huko Mwihoko, mlinzi wa geti la nyumba za kupanga. Alimeza dawa za virusi vya UKIMWI bila kukosa, CD4 zikapanda vizuri. Halafu kikohozi kikaanza, suruali ikamlegea. Nikamwambia apeleke makohozi yapimwe TB. Akacheka.

"Dada, askari wangu wamejaa geti. Nani atapita?"

"Kamau, wewe unajua ni askari wangapi hulala kazini."

"Mimi silali. Na wao hawalali."

Nilimbembeleza, nikamgombeza, nikalia mbele yake. Alipokubali, mapafu yalikuwa yameisha.

Kwenye matanga yake, kwetu Kiganjo, mkewe aliniuliza mbele ya watu kama askari hawakuwa wengi.

Sasa nimestaafu, niko Witeithie. Nasikia maabara kubwa siku hizi zinatenganisha seli hizo aina kwa aina. Sawa. Lakini juzi nilimsindikiza jirani yangu kliniki, na msichana wa maabara akamtabasamia.

"Furahi, mama. Askari wameongezeka."

Jirani alicheka kwa furaha, kisha akakohoa. Nilifungua mdomo nimpe yule msichana neno lingine la kutumia. Miaka yote hiyo ya kazi, na sina.