Mkate wa Nyama na Meno ya Baba

Baba yangu aling'olewa meno yake matatu ya mwisho wiki moja kabla ya Pasaka, na tangu siku hiyo akaacha kukaa nasi mezani. Hakutangaza. Alichukua tu bakuli lake la uji, akaingia chumbani, akala huko. Tukadhani ni maumivu, yatapita. Fizi zikapona, mvua zikaisha, baridi ya Juni ikatushukia hapa Sumbawanga na upepo wake ule wa kukata masikio, na baba bado yuko chumbani. Meno ya bandia alitengenezewa. Akayavaa siku mbili, akasema yanamng'ata yeye badala ya kung'ata chakula. Akayatia kwenye kikombe, akafunika na kisosi, mazungumzo yakaishia hapo.

Asiyemjua baba hawezi kuelewa jinsi jambo hilo lilivyotuuma. Nyumbani kwetu Milanzi, nyama ya Jumapili haikuwa inapakuliwa na mama. Bakuli lote liliwekwa mbele ya baba, naye akagawa kwa mkono wake, kipande kimoja kimoja, na kila kipande kilikuja na neno lake. "Wewe shika, umefagia uwanja bila kusukumwa." "Wewe chukua, nimesikia umemsaidia mwenzako hesabu." "Na wewe chukua hiki chenye mfupa, labda ukikihangaikia utapumzisha mdomo." Hicho cha mfupa kilikuwa changu karibu kila Jumapili. Nimezaliwa na domo, nakiri, na hasira zangu ni za karibu. Nilipoolewa nikaondoka, na ndoa iliponishinda nikarudi na watoto wawili, baba hakuniuliza kitu. Jumapili ya kwanza aligawa nyama, akafika kwangu, akanipa cha mfupa. Nikajua nimepokelewa.

Sasa nyama ilikuwa inapakuliwa na mimi, kwa upawa, bila neno. Watoto walikula haraka wakatoka kwenda kucheza. Hakuna aliyekuwa na sababu ya kukaa.

Nami ndiye niliyeharibu zaidi. Jumapili moja mwezi wa tano nilichemsha nyama mpaka ikalegea, nikaikatakata vipande vidogo vidogo, nikaiponda, nikaitia mchuzi mzito, nikaiweka kwenye kibakuli chenye mfuniko. Cha baba peke yake. Nikampelekea chumbani nikiwa najisifu moyoni. Akafunua, akatazama, akafunika.

"Hiki ni chakula cha mtoto anayeachishwa ziwa," akasema. "Kirudishe."

Nilikuwa nimesimama jikoni tangu asubuhi. Badala ya kumeza mate na kuondoka, nikamjibu pale pale, "Basi baki na njaa yako!"

Jamani! Kwa baba! Mama aliyekuwa jikoni aliangusha mwiko. Dunia haikupasuka kunimeza, ningefurahi ingepasuka. Kuanzia siku hiyo nilimsalimia "shikamoo baba" kila asubuhi, naye akaitikia "marahaba", maana hiyo huwezi kumnyima mtu hata kama humtaki, halafu basi. Wiki tatu nzima. Nilikuwa mtu mzima mwenye watoto wangu, na kitu nilichokuwa nakitaka kuliko vyote ni baba arudi mezani na anisemeshe.

Nilifikiria sana kosa langu lilikuwa wapi, ukiacha lile la mdomo. Jibu nililipata siku nikifua mashuka, sijui kwa nini wakati huo. Ulaini wa nyama haukuwa tatizo. Uji nao si ni laini, mbona anakunywa? Kilichomuudhi ni kile kibakuli chake peke yake, chenye mfuniko, kama dawa ya mgonjwa. Ningetaka ale laini, basi ilibidi sote tule laini, kutoka chombo kimoja.

Hapo nikakumbuka mkate wa nyama. Miaka ya nyuma, kabla sijaolewa, nilifanya kazi jikoni kwenye nyumba ya wageni ya masista, na kila walipokuja wageni wengi tulipika huo. Unasaga nyama, unachanganya na mayai, vitunguu na mkate uliolowekwa kwenye maziwa, unashindilia kwenye bati la mkate, unaoka. Ukiiva unautoa mzima na kuukata vipande kama mkate wa chai. Mtu hahitaji hata jino moja. Kilichonifurahisha zaidi ni kwamba unatoka mzima. Kitu kizima lazima mtu akigawe.

Nikampigia simu dada yangu. Yeye anauza vitenge kule mpakani Kasesya, na upande wa pili vyombo vya kuokea vinapatikana kwa urahisi.

"Niletee bati la mkate," nikamwambia, "nataka kupika mkate wa nyama."

"Nyama inaumuka?"

"Wewe leta bati, dada, maswali utayauliza ukishiba."

Akaja Jumamosi jioni, bati limefungwa kwenye kitenge, na amevaa makoti mawili kama mtu anayehama. Jumapili tukaenda misa ya kwanza, tukarudi, tukajifunga khanga kiunoni.

"Ni kitu rahisi sana," nilimwambia.

Eti rahisi! Kwenye bucha yenye mashine ya kusagia, umeme ulikuwa umekatika, na muuzaji hakujua utarudi saa ngapi. Tukabeba nyama yetu kama ilivyo. Tukakaa uani kwenye jua, kila mmoja na kisu chake na ubao wake, tukaikata, tukaikata tena, mpaka viganja vikaota malengelenge. Dada alilalamika tangu mwanzo mpaka mwisho. "Wasukuma wanapita hapa na ng'ombe mia, wanachinja na kuchoma, hakuna anayeumia. Mimi mdogo wangu ananiambia niigeuze nyama kuwa unga." Mama alikuwa karibu nasi akichambua mchicha, anacheka kwa chinichini.

Nikatia vitunguu, karoti iliyoparuzwa, kitunguu saumu, chumvi, pilipili manga, mayai matatu. Nikaingia ndani kuchukua mkate. Haupo! Watoto walikuwa wameumaliza kwenye chai ya asubuhi, hata ule mgongo mkavu ambao siku zote wanaukwepa. Nikaanza kufoka. Mkate wa nyama bila kitu cha kuushikisha unamwagika kama mchanga ukiukata, na ukimwagika ninayo tena ile nyama ya kuponda, na baba anarudi chumbani, safari hii moja kwa moja.

"Unapiga kelele za nini?" mama akasema bila kuinua macho kwenye mchicha. "Si kuna unga wa ulezi?"

"Mama, ulezi kwenye nyama?"

"Umejaribu ukakataa?"

Akainuka mwenyewe. Ulezi ule ulitoka shambani kwetu Mpui. Akakaanga viganja viwili vya unga kwenye kikaango kikavu, polepole, mpaka harufu ikajaa ua mzima na jirani akauliza kuna nini. Tukaumwagia maziwa kidogo, tukachanganya na nyama. Ikashikana, ikawa ya rangi ya udongo. Masista wangeishangaa. Nikaishindilia kwenye bati nikiwa naomba kimoyomoyo.

Tanuri hatuna. Tulifanya kama tunavyooka keki: sufuria kubwa yenye mchanga chini, bati juu ya mchanga, mfuniko, makaa machache chini na makaa mengi juu ya mfuniko. Kila baada ya dakika chache nilifunua kuchungulia, mpaka dada akanipiga mkono. "Unatoa joto lote, wewe! Unaogopa utakimbia?" Karibu na mwisho tukapaka mchuzi mzito wa nyanya juu, ukakauka, ukawa mwekundu wa kung'aa. Tulipoutoa nikataka kuugeuza hapo hapo. Dada akakaa mbele ya bati kama askari. Ukiukata wa moto utavunjika, akasema, na safari hii alikuwa anajua anachosema. Tukasubiri. Jua likaanza kushuka, baridi ikarudi, tukaandaa meza na wali na mchicha, na mkate wa nyama katikati, mzima, kwenye sinia.

Nikaenda chumbani kwa baba. Nikachutama mlangoni, nikapiga makofi mawili ya taratibu, kama tulivyofundishwa kumsalimia mkubwa, kitu ambacho sikuwa nimekifanya tangu nikiwa msichana mdogo.

"Shikamoo baba."

"Marahaba."

"Baba, nimekuja kuomba radhi. Yale maneno niliyasema kwa hasira. Yananiuma kila siku nikiamka."

 Alikuwa amejifunga blanketi mabegani, mkono mmoja mdomoni. Tangu ang'olewe meno alikuwa anauziba mdomo wake akiongea na hata akiwa haongei.

"Halafu kuna nyama mezani," nikaendelea, maana nikisubiri ningelia. "Nzima. Haijagawiwa."

"Nzima? Kuku?"

"Si kuku. Njoo uione. Sisi tumeshindwa tuanzie wapi."

Alinitazama usoni. Alijua nina ujanja, amenilea mwenyewe. Akaweka miguu chini, akavaa ndala.

Alipofika mezani watoto waliacha hata kupumua. Aliuzunguka ule mkate, akauinamia, akaunusa. "Mifupa mmepeleka wapi?" akauliza. Binti yangu mdogo akamjibu, "Hauna mfupa babu, ni mkate." Dada akampa kisu. Nami nikashika ukingo wa meza, nikasema Mungu wangu usivunjike.

Haukuvunjika. Kisu kilizama, kipande kikalala kwenye sinia kimenyooka, na karoti zake zinaonekana. Baba akakipa binti yangu: "Wewe hapo, umenijibu vizuri." Akakata kingine, akampa mwanangu wa kiume kwa kuteka maji jana. Dada akapewa cha kusafiri na baridi yote hii. Akafika kwangu. Nilikuwa nimejiandaa kupokea kijembe, na ningekipokea kwa mikono miwili.

"Wewe," akasema, "umepika."

Basi, hilo tu. Nikainamisha kichwa.

Ila mama, ambaye siku zote hupewa wa kwanza, sahani yake ilikuwa bado tupu. Baba alikata kipande kinene, akazunguka meza mpaka alipokaa mama, akakiweka mbele yake kwa mkono wake.

"Na wewe kula," akamwambia. "Tangu Pasaka hujagusa nyama. Unadhani sijui."

Mama akashtuka. "Nani kakwambia?"

"Kitanda changu kinatazama meza. Kila Jumapili nakuona unapitisha bakuli."

Nikamgeukia mama. Mimi ndiye niliyekuwa napakua! Kila Jumapili nilimpa bakuli, akalipokea, akalisogeza kwa watoto, akala mchicha na wali wake, na mimi nimekaa pembeni yake na sikuona. Nilikuwa nahangaika na hasira za baba na hasira zangu. Ndani ya nyumba ile watu wawili walikuwa wameacha nyama, na mimi nilihesabu mmoja. Niliona aibu, na papo hapo nikafurahi kwamba baba alikuwa ameona.

"Ningemezaje," mama akasema taratibu, anamtazama mumewe, "na wewe uko kule?"

 Baba akavuta kiti chake, akakaa. Akajikatia kipande, akala mbele yetu sote, polepole, anasaga kwa fizi, na mkono uliokuwa ukiziba mdomo sasa ulikuwa umeshika kijiko. Mchuzi wa nyanya ukamchirizika kidevuni, watoto wakacheka, naye akacheka mdomo wazi. Tukaona fizi zote. Hakukuwa na cha kuficha pale, ilikuwa sura ya baba yangu tu.

Mama alikula vipande vitatu. Alipomaliza cha tatu akawa anatazama sinia, anaona haya kusema. Dada akanyoosha mkono achukue kisu, baba akamzuia.

"Acha," akasema, "huyu nitamkatia mwenyewe."