Siku Niliyombeba Mama Mkwe

Hii habari naisimulia mwenyewe, maana video yake ilishazunguka Mwanza nzima na nyinyi mmecheka bila kujua chanzo.

Tulikwenda na mke wangu Neema kumpokea mama yake stendi, tumlete kwetu Ilemela. Sasa kwetu mama mkwe unamheshimu kwa mbali: humshiki mkono, humkazii macho, na akiwa na neno lako anampa binti yake akufikishie. (Umfungie mtu wa hivyo nyuma yako kwenye kigari kidogo, uone jasho linavyokutoka.) Basi nikaamua nikanyage mafuta tufike upesi, ule ukimya uishe.

Mvua ilikuwa imekatika, jua limetoka, lami imekauka, nikajiambia barabara safi. Neema alikuwa kwenye simu na dada yake, wanapanga mapishi. Tukiteremka kuelekea Pasiansi, mbele yetu bajaji inakwenda kwa kunyata, nikamwona dereva wake mwoga, nikampita. Kumbe mvua ilishusha mchanga kutoka milimani, ukajaa kwenye kona. Nilikanyaga breki, gari likateleza kama limewekwa sabuni, likatumbukia mtaroni, na moshi ukaanza kutoka kwenye boneti.

Mimi na Neema tukatoka mbele. Mama mkwe akabaki ndani, milango ya nyuma imebana. Nikainama kwenye dirisha lililopasuka, nikanyoosha mikono, halafu (Mungu anisamehe) nikairudisha. Niliogopa kumshika. Moshi unazidi, watu wamejaa, simu zimeinuliwa, na mimi nimesimama pale kama mgeni.

"Kaka, unasubiri nini? Mtoe mama," akasema yule dereva wa bajaji.

Nikamkumbatia kiunoni, nikavuta kwa nguvu zote, kitenge kikanasa kikabaki ndani, akatoka na gauni la ndani tu, mikono shingoni mwangu, mbele ya wauza samaki wote wa pale. Nilitamani ardhi ipasuke.

Neema akamfunika kwa mtandio wake huku analia. "Mama, hukuuona ule mchanga?"

"Niliuona tangu kule juu," mama akajibu, ananipa kisogo. "Wewe ulikuwa unaongea na simu. Ningemwambia nani?"

Nilikaa chini pale pale kwenye matope.

Siku hizi mvua ikikatika ndio kwanza napunguza mwendo. Mama mkwe nimemwomba, kupitia binti yake, kwamba akiona hatari aniambie mwenyewe. Hajakubali bado. Kwa hiyo akipanda gari langu, simu ya Neema inazimwa kabla sijawasha injini.