Mazimwi ya Unga Ogembo

Wiki iliyopita nilikuwa kwenye kaunta ya duka moja Ogembo, nikingoja kupimiwa sukari, nyanya mmoja alipoingia na mjukuu wake wa miaka minane hivi. Mtoto akaomba zabibu kavu na rangi ya chakula ya machungwa, vikawekwa kauntani.

"Za nini?" nyanya akauliza.

"Za mandazi ya Halowini. Tunayakata kama mazimwi, halafu zabibu zinakuwa macho."

Nyanya akairudisha pakiti ya zabibu kwa kidole kimoja, kana kwamba ingemuuma. "Kwangu hatupiki mashetani. Sisi ni watu wa kanisa."

Mtoto hakulia. Aliangalia viatu vyake, akasema polepole, "Na mama tulikuwa tunapika kila mwaka. Alisema Jumapili atapiga simu ya video kutoka kazini Doha aone yangu."

Mwenye duka, Mhindi aliyezeekea hapo hapo Ogembo, akaacha mizani. "Mama, hata sisi Diwali ikifika tunapika vitu vitamu na watoto. Ni unga na sukari tu."

Nyanya akavuta zabibu na rangi. Kisha akavitia kikapuni. "Tutaomba kwanza. Na hayo mazimwi yatacheka, sitaki ya kununa."

Mjukuu akamkumbatia kiunoni.

Kila Oktoba tunabishana kama Halowini, sherehe hii ya wageni ya kuvaa kama mazimwi, inatufaa. Mimi bado sijui, ila siku hiyo sikuthubutu kuuliza swali hilo.

Walipofika mlangoni nyanya akageuka. "Ongeza unga kilo moja," akamwambia mwenye duka. "Watoto wa jirani watasikia harufu."