Karatasi Kiunoni mwa Shangazi

Mwanangu, ipo siku moja ambayo hainitoki kichwani, siku niliyomsindikiza shangazi yangu uwanja wa ndege. Imenirudia leo nilipokuona unaizamisha ile bahasha ya siri ya ofisi yenu chini kabisa, chini ya nguo za ndani. Acha kufunga sanduku kwanza, ukae hapa.

Ilikuwa miaka ya vijiji vya ujamaa. Ghala la kijiji liliungua huku bondeni, njia ya Maore, na baba mdogo akafungwa kwa kosa la kulichoma. Lakini siku ile alikuwa juu milimani tangu asubuhi, kwenye msaragambo, ile kazi yetu ya pamoja, wakitoa tope katika bwawa la kumwagilia mashamba. Wazee waliokuwa naye wakaweka dole gumba kwenye karatasi za ushahidi. Rufaa ilikuwa isikilizwe Dar es Salaam, na wakili alitaka karatasi zenyewe, si nakala. Mvua zilikuwa zimekata barabara na reli, basi ukoo ukachanga nauli ya ndege. Aliyepewa kuzipeleka ni shangazi, dada wa mfungwa.

Sasa, nyumbani kwetu mwanamke akibeba kitu cha thamani alikifunga kiunoni ndani ya kanga. Akiulizwa njiani amebeba nini, alijibu kwamba hakuna kitu, na hakuna aliyemwita mwongo. Ilikuwa adabu tu, na muulizaji alijua asiulize tena. Shangazi akaenda na adabu hiyo mpaka uwanja wa ndege.

Hapakuwa na mashine za kumulika mizigo, ni mikono tu, na kila mahali watu walihofia maadui wa nchi. Binti mkaguzi alikuwa na heshima zake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Hapa kiunoni una nini?"

"Hakuna kitu."

Mimi nilikuwa nje ya kamba iliyozuia wasindikizaji, nikauona uso wa yule binti unabadilika. Akauliza tena kwa upole. Shangazi akajibu vilevile, na kanga akazidi kuikaza. Akaitwa ofisa, karatasi zikatolewa: majina mengi, na alama za vidole chungu nzima.

"Mama, hawa wote wameapa nini? Na kwa nini umezificha?"

Hapo ndipo alipoanza kueleza, Kiswahili na Chasu, lugha yetu ya nyumbani, vikichanganyika na machozi. Nami nikapiga kelele kwamba ni ushahidi wa kesi. Nani angetusikiliza tena? Ofisa akasema karatasi zinabaki zichunguzwe. Ndege ikaondoka tunaiangalia.

Rufaa ikasikilizwa bila karatasi, ikatupwa. Baba mdogo alifia gerezani. Tulipoitwa kuzichukua karatasi, tukaambiwa hazina tatizo lolote.

"Mama, ungeniambia mwanzoni ni za mahakama," ofisa akasema, "ningezisoma palepale mezani, ukapanda ndege."

Nilimchukia mtu yule miaka mingi, sikufichi. Na shangazi, tangu hapo, ukikutana naye njiani, hata hujafungua mdomo, alisimama mwenyewe na ndoo yake kichwani.

"Ni maji," alikuwa anasema. "Nimebeba maji tu, mwanangu. Tazama."

Watoto walimcheka. Mimi nilikuwa nageuza uso.

Basi itoe bahasha hiyo. Iweke kwenye mkoba wa mkononi, pamoja na barua ya ofisi inayosema ni ya nani na inakwenda wapi. Ukifika kwa wakaguzi, sema unayo kabla hujaulizwa. Wakitaka kuitazama, omba kwa adabu wamwite mkubwa wao, na itazamwe mbele ya macho yako. Siri ni yaliyoandikwa ndani, mwanangu. Kwamba umebeba bahasha, hiyo si siri, na ukiikana mara moja hakuna atakayekuamini utakaposema kweli.

Mungu akutangulie, akupitishe salama mikononi mwa kila mkaguzi. Na anayekungoja huko akuone unafika, karatasi zake ukiwa nazo.