Matanga Bila Moto

Nekesa wangu amekufa kwa filamu, na amekufa vizuri!

Hamjambo. Leo tumeitazama, kabla haijatoka, hapa kwangu Kibomet na majirani, Nekesa mwenyewe na mgeni aliyekuja naye.

Binti yangu kwa jeneza, malkia kabisa. Lakini huyo anayejifanya mamake! Ati anapangusa chozi moja, na kucha ndefu za rangi. Nje hakuna hata moto wa kukesha matanga.

Nikapaza sauti, "Filamu za siku hizi ni bure! Kwetu Bungoma tunaanza kulia tukiwa barabarani!"

Kumbe mgeni wa Nekesa ndiye mwenye filamu.

"Mama, umeniharibia kazi," Nekesa akanong'ona.

Mgeni akasema, "Hebu lia tuone."

Nikalia. Jirani ambaye hakuwa nasi akaja mbio, "Nani amekufa?"

Bana, nimepewa hiyo nafasi ya mama! Tunarudia kupiga picha za matanga huko kwetu Chwele, Jumamosi. Mje wote, mkilia kutoka barabarani.